Ngurumo ya Gia ya Pili

Mimi ni mwalimu wa fizikia Sumbawanga, na kwa miaka tisa nimeendesha gari ambalo halina maana yoyote Sumbawanga. Ni la Kijapani, lina milango miwili, na liko chini kiasi kwamba kuku wa mtaani hunitazama usoni tunapopishana. Vijana wa kijiwe cha karibu na stendi wameshanitungia salamu yangu peke yangu: "Mambo, dada mwalimu! Hilo gari limekaa au limelala?" Nawajibu poa, halafu nakanyaga mafuta, na kwa muda kidogo hawasikilizani.

Uzuri wa gari lile ni pumzi. Lina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na halina turbo. Kwa asiyejua, turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, nayo inaisukumia injini hewa kwa nguvu ili ifanye kazi kubwa kuliko umbo lake. Injini isiyo na turbo haisukumiwi kitu. Inavuta hewa yake yenyewe, na ukitaka nguvu zaidi sharti uizungushe zaidi, mpaka mshale wa raundi uvuke upande wa pili na injini ianze kulia. Mimi nilinunua gari kwa ajili ya kilio hicho. Viti vilikuwa vimechanika na redio ilikuwa inazungumza Kijapani, sikujali.

Shida ni kwamba uwanda wetu wa Ufipa uko juu na hewa yetu ni nyepesi. Wageni wa kutoka Dar hupanda ngazi za nyumba ya wageni wakashika ukuta. Gari langu nalo lilishika ukuta. Kilima ambacho magari ya turbo yanakipanda bila kubadili sauti, langu lilikitaka kwa gia ya pili, raundi zote, na Salamu Maria kadhaa. Nafundisha fizikia, kwa hiyo najua kabisa kwamba kama kuna mahali duniani turbo imestahili kuzaliwa, ni hapa kwetu. Kulijua jambo na kulikubali ni vitu viwili.

Aliyehakikisha sisahau jambo hilo ni kaka yangu. Amenipita miaka sita, anauza pembejeo mjini, na kila kitu anakitazama kama mbegu: kimetoa kiasi gani.

"Hizo injini zako zimekwisha, mwalimu," alikuwa akiniambia kila tukila pamoja. "Tazama mwenyewe. Kila gari jipya la spoti lina turbo. Hata wale waliokuwa wanaapa hawataweka, wameweka. Wengine wameweka na betri juu yake."

Na ni kweli, ndiyo maana iliuma. Habari za magari hayo nazifuatilia kwenye simu jinsi watu wengine wanavyofuatilia ndugu aliyelazwa. Kila nikifungua, mmoja ameondoka: huyu kawekewa turbo, yule kapunguzwa silinda, mwingine kaacha kutengenezwa kabisa. Wanasema ni kwa sababu ya moshi, na mafuta, na sheria za hewa safi. Sababu zote ni nzuri. Nazielewa, nazifundisha darasani, na nikitoka darasani nakasirika upya.

Kaka hakuishia kwenye maneno. Mwaka jana alijiagizia la kwake, jipya kuliko kitu chochote barabarani kwetu, jekundu, silinda nne na turbo. Alilipitisha mbele ya duka lake mara tatu siku ya kwanza, kana kwamba amesahau duka liko wapi.

Lakini ugomvi wetu mkubwa haukuwa wa magari. Ulikuwa wa Mama.

Mama anaishi nje kidogo ya Mwazye, peke yake tangu Baba afariki, na kuku wake, na shamba la ulezi ambalo majirani wanamsaidia kulima. Kaka alikuwa amekwishatangaza: siku ikijulikana kwamba Mama hawezi tena kujihudumia, anahamishiwa mjini siku hiyo hiyo. Chumba kilikuwa tayari, na televisheni kubwa kuliko dirisha. Mama alikwenda kukiona mara moja. Alikisifu sana, akasema ni chumba kizuri mno cha kumlaza mtu anayesubiri kufa, akaomba arudishwe nyumbani kabla kuku hawajalala.

Kwa kuwa Kaka hatoki dukani, mkaguzi nikawa mimi. Nilikuwa naenda siku yoyote niliyopata nafasi, bila kutoa taarifa, ili nimkute Mama alivyo. Nikirudi natoa ripoti. Na kwa zaidi ya mwaka ripoti yangu ilikuwa ile ile: Mama yuko fiti.

Alikuwa fiti namna ya kushangaza. Kila nikifika namkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, kitenge kizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anakwenda misa ya kipaimara, na mbele yake ugali wa ulezi ndiyo kwanza umeipuliwa, unafuka moshi. Pembeni maharage, au migebuka iliyokauka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga. Ndoo zimejaa maji. Uwanja umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana.

"Ah, umefika ghafla, mwanangu!" anasema. "Mbona hukusema unakuja?"

Nami, mwenye shahada, nilikuwa nakaa chini nakula, najiambia kwamba mama yangu ana bahati ya ajabu na muda wa kula.

Hakuna bahati. Ukitoka Matai, mji mdogo wa njiani, kwenda kwa Mama unafika kwenye kilima chenye mikaratusi, na pale juu unaiona nyumba yake ng'ambo ya bonde, karibu kabisa kwa macho. Lakini barabara inalizunguka bonde lote, ina makorongo, na gari la chini kama langu inabidi ushuke, uweke ubao, uvuke, ushuke tena uuchukue ubao. Kilima chenyewe nilikuwa nakipanda kwa ile gia ya pili, injini inalia mpaka ng'ombe wa bondeni wanainua vichwa. Kutoka kilio hicho mpaka mimi kugonga mlango, Mama aliwahi kupima: matendo matatu ya rozari, na kidogo. Muda huo unatosha ugali. Hilo alinieleza baadaye.

Mwezi wa kumi injini yangu ilinoki, ikafa kabisa. Ilikuwa hapo hapo mjini, mbele ya vijana wa kijiwe, na lazima niwasifu kwamba walivua kofia. Fundi aliifungua, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniambia kuna njia mbili: kusubiri vipuri kutoka Japani, au kuweka injini ya turbo aliyokuwa nayo pale pale chini ya turubai. Nilimwambia nitasubiri Japani hata kama watanitengenezea kwa mikono. Kaka aliposikia alicheka, kisha kwa huruma ya mshindi akanitupia funguo za gari lake.

"Nenda nalo kwa Mama," alisema. "Ukirudi utaniomba msamaha."

Nilitoka shuleni Ijumaa mchana, nikaondoka. Nitasema ukweli ingawa unanichoma: lilikuwa tamu. Lilipanda kila mlima kama linateremka. Na sauti! Nilitegemea kimya, lakini nilipokanyaga, ndani ya gari mlijaa mngurumo wa silinda sita, mzito, safi, kama wa gari langu siku za ujana wake. Nilichanganyikiwa. Nilianza kufikiri labda nimewasema vibaya hao watengenezaji miaka yote hii. Pale kwenye mikaratusi nilikanyaga mpaka chini, kwa kumfurahisha Mama tu, nikapita juu ya kilima nikinguruma kwa fahari. Gari la Kaka liko juu kidogo, halihitaji ubao, kwa hiyo makorongo niliyavuka bila kushuka.

Nilifika uwanjani, nikazima. Uwanja haukuwa umefagiwa.

Mama alikuwa katikati yake, chini, amevaa koti kuukuu la Baba. Alikuwa anatoka jikoni kwenda kwenye banda la kuku, na alikuwa anakwenda kwa makalio. Anasogeza ungo wa mtama mbele, anajivuta kuufuata, anapumzika, anasogeza tena. Nyuma yake vumbi lilikuwa na mchirizi mrefu, na pembeni ya mchirizi huo kulikuwa na mingine ya zamani. Fimbo mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Juu ya fimbo hizo, kwenye msumari karibu na mlango, vilining'inia kitenge kizuri na kitambaa cha kichwa, kama sare za mzima moto.

Aliinua uso akaniona. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa, na alichokuwa anakiogopa kilikuwa mimi.

"Umetokea wapi?" alisema.

"Mama, nimekuja na gari."

"Gari gani? Sijasikia gari!"

Wakati huo huo mlango wa nyuma wa jikoni ukafunguka, akatokea uwanjani jirani, mama mmoja mwenye watoto watano na mbio za mwanariadha, ameshika mwiko. Bila shaka ameona rangi nyekundu kutoka shambani kwake. Aliniona, akauficha mwiko mgongoni. Tulitazamana. Ulikuwa mwiko mrefu, ulimzidi juu ya bega.

"Karibu, dada mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa napita."

Hapo ndipo nilipoelezwa yote, Mama akiwa bado chini na jirani akiwa bado amesimama na mwiko wake. Magoti ya Mama yalikataa kumbeba tangu mavuno ya mwaka jana. Ngurumo yangu ikisikika kule kwenye mikaratusi, jirani anaacha alichonacho, anakuja mbio, anabandika maji. Mwanamke wa nyumba ya pili anafagia, anafagia na michirizi. Mzee wa nyumba ya tatu, ambaye ni katekista na sikumtegemea katika mambo ya udanganyifu, anamwinua Mama na kumweka kwenye kigoda. Mama anajivalisha mwenyewe, hilo alisisitiza. Nikifika kwenye korongo la mwisho wote wanatokea nyuma, kupitia vichakani.

Nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwona mama yangu amesimama, sikukumbuka. Nilikuwa nakuja kukagua, nakagua ugali.

Nililia, na nikiwa nalia nikakasirika, maana mimi nina kasoro hiyo. "Kwa nini hamkunisikia leo?" nilimwuliza jirani, kana kwamba kosa ni lake. "Nimenguruma kilima kizima!"

"Dada, hapana," alisema. "Mimi nilisikia kama mtu anapepeta ulezi. Nikajua ni upepo."

Nilikwenda kwenye gari, nikaliwasha, nikakanyaga mlango ukiwa umefungwa: ngurumo. Nikatoka nje, jirani akakanyaga kwa mkono wake: fsss. Nikaingia tena, nikabonyeza-bonyeza kioo cha kugusa cha katikati mpaka nikapata mahali pa kuzima. Ngurumo ikafa, injini ikabaki inapepeta ulezi wake. Ilikuwa spika. Watengenezaji waliiondoa injini inayolia, wakaona dereva atajisikia mpweke, wakamwekea kilio cha redio, ndani tu, cha kumtosha yeye. Nimepita juu ya kilima chote nikijisikia mwenyewe. Mimi, mwalimu wa sura ya mawimbi ya sauti.

Mama hakujali spika. Alishika mkono wangu. "Sasa utamwambia kaka yako?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Nikatazama uwanja, kuku, moshi wa jirani juu ya vichaka, na watu watatu waliokuwa wanaacha kazi zao kila mara kwa ajili ya uongo mmoja. Kule mjini ana televisheni.

"Sitamwambia," nilisema.

Kaka aliponiuliza, nilisema Mama yuko fiti. Lakini nilisema polepole, na mtu anayeuza mbegu anajua sauti ya anayemficha kitu. Aliweka kijiko chini. "Jumapili nafunga duka," alisema. "Tunakwenda wote. Na usimpigie mtu."

Hata ningetaka, nisingeweza. Simu pekee ya pale ni ya jirani, na inashika mtandao akipanda juu ya kichuguu tu, nayo inategemea upepo. Gari langu lilikuwa halina injini. Honi haikufaa: malori ya mahindi yanapiga honi kwenye kona ile kutwa nzima, wamezizoea. Wanajua sauti moja tu.

Jumapili baada ya misa tukaondoka, Kaka akiendesha, ngurumo ya spika imejaa ndani, yeye anatabasamu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, manyunyu na upepo wa baridi. Tulipokaribia mikaratusi niliwaza tutakachokikuta. Nilimwona Mama kwenye vumbi, sasa tope, na Kaka anashuka na funguo mkononi.

"Simamisha," nilisema. "Nina haja."

Akasimamisha. Nilipita katikati ya miti mpaka ukingoni, nyumba ikiwa ng'ambo, ndogo, haina moshi. Niliweka mikono mdomoni, nikavuta hewa yote niliyoweza kuipata kwenye uwanda ule, ambayo si nyingi, nikalia.

Sikupiga kelele ovyo. Miaka tisa nimelisikiliza gari lile, nalijua. Nilianzia chini, gia ya kwanza, *vuuu*, nikakata, nikaingia gia ya pili, nikapandisha, *vuuuuuUUUUUU*, mpaka raundi ambazo koo la mwalimu halikuumbiwa, na pale juu nikaiweka ile mikwaruzo kidogo inayotokana na ekzosi yenye tundu. Pumzi ikakata. Nikavuta nyingine. Sikuwa na turbo.

Katikati ya raundi ya tatu mzee mmoja akatokea akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba. Gari limeharibika?"

"Hapana, babu, liko sawa."

Alifikiri. "Haya," alisema, akaendelea. Nikarudi gia ya pili.

Kisha nikaona, ng'ambo ya bonde, doa la khanga ya njano linakata shamba kwa mbio, na kitu kirefu mkononi. Nikajua ni mwiko. Machozi yalinitoka, nadhani ni kwa sababu ya raundi.

Nilirudi kwenye gari. Kaka alikuwa ameshusha kioo.

"Haja gani hiyo?" aliuliza.

"Ya kwangu," nilimjibu, bila sauti, maana sauti ilikuwa imebaki kwenye miti.

Akaondoa gari. Ila aliendesha polepole mno. Makorongo ambayo gari lake linayavuka bila shida, aliyasogelea kama yana nyoka. Kwenye moja alishuka kabisa, akalizunguka gari, akapiga teke tairi zote nne, moja moja.

Mama alikuwa kwenye kigoda. Kitenge kizuri, kitambaa cha kichwa, ugali unafuka. "Ah, wanangu, mmefika ghafla!" alisema. Tulikula. Kaka alikula sana, akausifu ugali, akauliza habari za kuku mmoja mmoja. Nilikuwa naanza kupumua nilipokumbuka kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Tukiondoka, lazima atusindikize. Mimi alikuwa ameacha kunisindikiza miezi mingi, kila mara ana sababu, moto, sufuria, na mimi mjinga nakubali. Lakini mwanawe wa kwanza, ambaye haji, aje halafu aondoke bila kufikishwa hata kwenye gari?

Kaka alisimama. Mama alishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. Niliona vidole vyake vinakaza, niliona anataka kujaribu.

"Usitusindikize, Mama," Kaka alisema. "Jua kali."

Nje manyunyu yalikuwa yanadondoka toka paani, na upepo ulikuwa unautikisa mlango. Mama alimtazama. Kaka alikuwa anatazama kuku.

"Kweli," Mama alisema taratibu. "Kali mno."

Garini Kaka alibonyeza kioo cha katikati, akaizima spika ile. Tulizunguka bonde, injini inapepeta. Pale juu kwenye mikaratusi akasimamisha gari, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Yule niliyemwona anakimbia na mwiko," alisema, "nataka ahamie kwa Mama na watoto wake, nyumba ni kubwa. Na tumtafutie daktari wa magoti. Mama abaki kwake."

Niliitikia kwa kichwa, sauti bado sina.

"Na gia ya pili umechelewa kuingiza," alisema. "Nionyeshe tena, mimi siku nyingine nitakuja peke yangu."